Seli hushikanaje mpaka zikawa tishu?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha tano hapa Tanga, kwetu ni Pongwe. Tumefundishwa kwamba tishu ni kundi la seli zinazofanana na zinazofanya kazi moja. Nilipouliza zinashikanaje, nilijibiwa kwamba ni kama matofali na saruji. Sikuridhika. Kama ni saruji, kidonda kinafungaje? Seli ya ini inajuaje kukaa na ini na si na figo? Mimea nayo inatumia saruji hiyo hiyo? Na damu tunaambiwa ni tishu, mbona seli zake hazishikani?"

Marahaba, mwanangu. Una haki ya kutoridhika. Umekulia Pongwe, penye kiwanda cha saruji, kwa hiyo saruji unaijua: fundi huichanganya, huipaka kati ya tofali na tofali, ikishakauka anakusanya vifaa vyake anaondoka, na ukuta unabaki hata kama yeye hatarudi tena. Mwilini hakuna kitu cha namna hiyo. Kinachoshika seli na seli ni protini ambazo seli zenyewe huziunda, huzichomoza nje ya utando unaoizunguka seli, huzivuta ndani, huzivunja na kuziunda upya, usiku na mchana. Kazi hiyo ikisimama, tishu inaachia. Ukilishika hilo, maswali yako mengi yatajibika. La mimea lina njia yake, nitalifikia.

Nianze na sifongo, yule mnyama wa baharini anayeishi amejishika kwenye mwamba. Mwaka 1907 Mmarekani H. V. Wilson, akiwa Beaufort katika jimbo la North Carolina, alichukua sifongo hai akamkamua kupitia kitambaa chembamba cha hariri, ndani ya maji ya bahari. Upande wa pili zilitoka seli moja moja na vifungu vidogo vidogo. Yeyote angedhani mnyama yule amekwisha. Lakini seli zikaanza kutambaa chini ya chombo. Zilipokutana zikashikana, mafungu yakakua, na hatimaye yakawa sifongo kamili wenye mifereji yao ya kupitisha maji. Zikichanganywa seli za sifongo wa aina mbili, kila aina ilielekea kujitenga na kukusanyika na wenzake.

Mwaka 1955 watafiti wawili, Townes na Holtfreter, walionyesha jambo hilo ndani ya mnyama mmoja. Walitenganisha seli za viinitete vya amfibia, yaani jamii ya chura, zile zitakazokuwa ngozi na zile za tabaka za ndani, wakazichanganya ovyo. Hazikubaki zimechanganyika. Zilihama, zikapishana, na mwisho za ngozi zikakaa nje na za ndani zikakaa ndani, bila mtu kuzielekeza. Hapo ndipo swali lako la ini linapoanza kujibika: seli ina kitu usoni mwake kinachopambanua jirani wa kumshika na wa kumwacha.

Kitu hicho ni nini? Hapa nakuomba utulie nami kidogo, maana ni sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Wataalamu wakitaka kutenganisha seli za tishu hutumia tripsini, kimeng'enya ambacho kongosho letu hutoa ili kusaga protini za chakula. Akina mama wa pwani hufanya jambo la ukoo huo huo wanapopaka papai bichi kwenye nyama ya mishkaki: utomvu wake una papaini, kimeng'enya kingine cha kukata protini, ndiyo maana nyama hulainika, na ikiachwa mno humomonyoka. Katika miaka ya 1970 Mjapani Masatoshi Takeichi alikuwa amezoea kutenganisha seli kwa tripsini kule Kyoto, akiziona zikishikana tena baada ya muda mfupi. Akaenda Baltimore, Marekani, akafanya vile vile, na seli zikakataa kushikana. Alipochunguza akagundua kwamba tripsini ya maabara ile ilichanganywa na EDTA, kemikali inayonyakua kalsiamu yote iliyomo kwenye maji. Ya Kyoto haikuwa nayo.

Tofauti ndogo hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Ilimwonyesha kwamba usoni mwa seli kuna protini ambayo kalsiamu ikiwepo tripsini haiiwezi, na kalsiamu ikiondolewa inakatwa mara moja, na seli inabaki haina cha kushikia. Aliandika matokeo hayo mwaka 1977, na baadaye protini hiyo ikapewa jina kadherini. Mwaka 1987 yeye na wenzake wakaweka jeni ya kadherini moja ndani ya seli za panya ambazo kwa asili hazishikani. Zikaanza kushikana. Kisha wakachanganya seli zenye kadherini ya aina moja na seli zenye kadherini ya aina nyingine, na zikajitenga makundi mawili, kama zile za amfibia. Sijui jaribio lenye jibu safi kuliko hilo.

Kadherini huchomoza nje ya utando ikiwa na vipande vitano vilivyofuatana, na katika maungio ya kipande na kipande hukaa ioni za kalsiamu. Zikiwepo, protini inakakamaa na ncha yake inafika kwa kadherini ya seli ya jirani. Zikiondoka, inalegea. Muungano wa kadherini moja na mwenzake ni dhaifu na haudumu. Nguvu iko katika wingi wake. Kwa ndani, mkia wa kadherini umefungwa kwenye protini ziitwazo katenini, na hizo zimeshika nyuzi za aktini, ambazo zinaweza kusinyaa na kuvuta. Maana yake ni kwamba seli ikivuta nyuzi zake, jirani anavutika, na jirani wa jirani pia. Ndivyo bamba tambarare la seli katika kiinitete linavyokunjika likawa mrija wa neva, utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Wakati mrija huo unajitenga na ngozi ya juu, seli zake huacha kuunda kadherini ya E, ambayo ni ya epithelia, yaani tabaka za seli zinazofunika viungo nje na ndani, na kuanza kuunda ya N, ya neva. Hazifukuzwi na mtu. Zimebadili mshiko wake.

Kuhusu ini, nisikudanganye kwamba kuna kadherini moja ya ini na nyingine ya figo. Seli hubeba mchanganyiko wa protini za kushikia, na kinachoamua ni aina zake, kiasi cha kila aina, na kitambaa cha protini ambacho seli imekalia. Tena seli ya ini kwa kawaida imezaliwa ndani ya ini, kati ya ndugu zake. Haihitaji kutafuta njia ya kurudi nyumbani, inahitaji kutoachia.

Kadherini zina ndugu zake wanaobeba mzigo mzito zaidi, wakiwa wamejikusanya kwenye vituo viitwavyo desmosomu. Vyenyewe havikushika aktini bali nyuzi ngumu zisizokatika kirahisi, kama keratini ya kwenye ngozi. Ngozi imejaa desmosomu, na moyo pia, maana ndiko kunakovutwa na kusuguliwa sana. Uthibitisho wa kazi yake unaonekana zinapoharibika. Kuna ugonjwa uitwao pemfigasi, ambamo kinga ya mwili hutengeneza silaha dhidi ya desmogleini, kadherini ya kwenye desmosomu. Seli za ngozi zinaachiana zikiwa bado hai, maji yanajaa katikati, na mtu anatoka malengelenge, mara nyingi yakianzia kinywani. Ukisugua ngozi yake kidogo, tabaka la juu linateleza. Watoto nao hupata malengelenge kutokana na bakteria aitwaye stafilokokasi, ambaye baadhi ya aina zake zina sumu inayokata desmogleini. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu nimesikia mgonjwa wa namna hii akiambiwa karogwa. Malengelenge yanayozuka bila kuungua wala kusuguliwa ni ya kupelekwa hospitali, na mapema.

Kushikana kwa nguvu hakutoshi palipo na maji ya kuzuia. Utumbo ungekuwa na desmosomu tu, uchafu ungepenya kati ya seli na seli ukaingia kwenye damu. Kwa hiyo karibu na uso wa juu kila seli ya utumbo imezungukwa na mkanda wa protini unaobana utando wake na wa jirani mpaka nafasi inazibika. Protini kuu za mkanda huo, klaudini, ziligunduliwa na Mikio Furuse na Shoichiro Tsukita mwaka 1998. Mkanda kama huo unazuia mkojo kupenya ukuta wa kibofu, na ndani ya ubongo unachagua nini kitoke kwenye mishipa ya damu na nini kisitoke. Sasa fikiri: epithelia ya utumbo mwembamba hubadilika yote kila baada ya siku 3 hadi 5. Seli zilizochoka hutolewa, mpya huchukua nafasi, na utumbo hauvuji, kwa sababu majirani hujikaza chini ya ile inayoondoka na kufunga mikanda yao wao kwa wao kabla haijachomoka. Saruji haiwezi hilo hata siku moja.

Aina nyingine haishikilii tu, inapitisha habari. Protini sita za koneksini hupangika duara na kuacha tundu katikati. Tundu la seli moja likikutana na la jirani, unapatikana mfereji ambao ioni na molekuli ndogo hupita. Kwa njia hii msukumo wa umeme hutembea kutoka seli hadi seli ya moyo, zikapiga pamoja. Na mfuko wa uzazi, ambao kwa miezi mingi ulikuwa na mifereji michache, huiongeza kwa wingi uchungu unapokaribia, ili misuli yake isukume kwa pamoja.

Hadi hapa nimezungumzia seli zinazogusana. Lakini sehemu kubwa ya mwili, mifupa, gegedu, kano, ngozi ya ndani, imejengwa na seli zilizo mbalimbali, zimezama ndani ya kitambaa zilichokifuma zenyewe. Uzi mkuu wa kitambaa hicho ni kolajeni, nyuzi tatu zilizosokotana. Seli huishika kwa protini ziitwazo integrini, ambazo kwa nje zimekamata kitambaa na kwa ndani zimekamata aktini. Ule utelezi wa supu ya kwato ni kolajeni iliyoachia msokoto wake kwa moto.

Hata kolajeni haikai ikasahauliwa. Ili msokoto ushike, seli lazima iongeze vikundi vya oksijeni na haidrojeni mahali maalumu, na kazi hiyo inahitaji vitamini C. Vitamini C ikikosekana kwa miezi, kolajeni mpya inatoka dhaifu na mtu anapata kiseyeye: ufizi unavimba na kutoka damu, meno yanalegea, mishipa midogo inapasuka. Katika safari ya manowari za Mwingereza George Anson, 1740 hadi 1744, iliandikwa habari ya baharia mzee aliyejeruhiwa katika vita vya Boyne, huko Ireland, vya mwaka 1690. Alipopata kiseyeye, vidonda vyake vilivyopona miaka 50 nyuma vilifunguka upya. Kovu la nusu karne! Lilikuwa likivunjwa na kufumwa kila siku ya maisha yake, na ufumaji ulipokwama ukabaki uvunjaji peke yake. Machungwa ya Muheza unayonunua barabarani yanasaidia kukuweka mzima kwa maana hiyo hasa.

Basi kidonda kinafungaje? Kinafunga kwa sababu mshiko unaweza kuachiliwa. Ngozi ikikatika, seli za ukingoni hupunguza desmosomu zake, huachia pia vishikizo vya chini vilivyozibana kwenye kitambaa, hujilaza, hutoa integrini nyingine za kutambalia, na huanza kusogea chini ya kigaga kuelekea katikati. Nyuma yake nyingine hugawanyika kuziba nafasi. Zinazotoka kulia zikikutana na zinazotoka kushoto, zinasimama, kadherini zinashikana, desmosomu zinajengwa tena. Zingekuwa zimegandishwa zisiachie kamwe, mkwaruzo wa kwanza wa utotoni ungebaki wazi mpaka leo.

Uwezo huo wa kuachia una hatari yake. Saratani nyingi zinazoanzia kwenye epithelia huanza kusambaa seli zinapopoteza kadherini ya E na kuacha majirani zake. Mwaka 1998 watafiti wa New Zealand walionyesha kwamba ukoo mmoja wa Wamaori, uliokuwa ukifiwa na vijana kwa saratani ya tumbo kizazi baada ya kizazi, ulikuwa ukirithi jeni mbovu ya kadherini hiyo hiyo. Ugunduzi ule umeokoa watu, maana ndugu waliokuwa bado wazima waliweza kupimwa mapema.

Sasa mimea. Mimea na wanyama walifikia maisha ya seli nyingi kila mmoja kwa njia yake, kwa hiyo usitafute kadherini kwenye muhogo. Seli ya mmea imefungwa ndani ya ukuta wa selulosi, haihami. Kati ya ukuta na ukuta kuna tabaka jembamba la pektini, ile ile inayogandisha jemu, na minyororo ya pektini imefungamanishwa na kalsiamu. Ndiyo, kalsiamu tena, ila kwa kazi nyingine. Hapa mfano wako wa saruji unakaribia ukweli kidogo, ingawa hata pektini mmea huilegeza wenyewe tunda linapoiva au jani linapotaka kudondoka.

Jambo hili unaweza kulijaribu mwenyewe. Pika maharage kwenye sufuria mbili, moja weka magadi, nyingine usiweke. Magadi huvunja pektini, na sodiamu yake huchukua nafasi ya kalsiamu, kwa hiyo sufuria ya kwanza itaiva upesi. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi hufanya kinyume, huchelewesha. Chukua punje iliyoiva, ponda kidogo kwenye kioo cha hadubini ya shule, dondosha tone la iodini. Utaona seli nzima nzima zimeachana, kila moja na wanga wake wa rangi ya samawati nyeusi ndani. Harage limeiva kwa sababu seli zake zimeachiana, si kwa sababu zimepasuka.

Na mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani, ni somo zima la jambo hili. Singa moja ya mkonge yenye urefu wa mita hivi si seli moja. Ni fungu la seli nyingi nyembamba, kila moja ya milimita chache tu, zimepandana ncha kwa ncha na ubavu kwa ubavu na kugandana. Mashine ya korona hukwangua nyama ya jani, ambayo kuta zake ni laini, na kubakiza singa. Mtu akiloweka jani badala ya kulikwangua, bakteria wa majini hula pektini na nyama inatoka. Akilisahau majini, bakteria huendelea na kula kinachoshika singa yenyewe, na kamba itakayosokotwa itakatika bure.

Mimea nayo ina mifereji yake ya kupitisha habari, plazmodesmata, inayotoboa ukuta kutoka seli hadi seli. Mtaalamu wa mimea Eduard Tangl aliieleza mwaka 1879. Virusi vya mimea vinaifahamu vizuri, maana havina mlango mwingine wa kutokea seli hii kuingia ile, na vina protini maalumu za kuvisaidia kupenya humo. Ugonjwa wa michirizi kahawia wa muhogo, ambao mtafiti H. H. Storey aliuelezea mwaka 1936 akiwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, hapo hapo Usambara, huenea ndani ya shina kwa njia za namna hii. Ndiyo maana kukata majani yenye dalili hakumponyi muhogo: virusi vimekwisha kupita.

Imebaki damu. Damu ni tishu ambayo kitambaa chake ni majimaji, plazma, na seli zake zinatakiwa zisafiri. Lakini usidhani hazina vishikizo. Chembe nyeupe zina integrini nyingi usoni, ila zimekunjwa, hazishiki. Mahali penye jeraha au vijidudu, ukuta wa mshipa huchomoza protini ziitwazo selektini. Chembe nyeupe inanaswa kidogo, inabingirika juu ya ukuta polepole, inapokea ishara za kemikali, na papo hapo integrini zake zinakunjuka na kukamata kwa nguvu. Inasimama, inajipenyeza kati ya seli za mshipa, inaingia kwenye tishu. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, nazo zina integrini yake iliyokunjwa, na mshipa ukikatika inafunguka kwa sekunde chache na kushika fibrinojeni, protini iliyomo kwenye plazma, zikashonana zikaziba tundu. Zingekuwa zimekunjuliwa wakati wote, damu ingeganda ndani ya mishipa.

Wako watoto wachache wanaozaliwa bila integrini hiyo ya chembe nyeupe. Kitovu chao huchelewa kudondoka, maambukizi huwarudia mara kwa mara, na vidonda vyao havitungi usaha, kwa sababu chembe zinazotengeneza usaha ziko tele kwenye damu lakini zinapita tu mbele ya jeraha, haziwezi kushika ukuta zikasimama.